Yai Katikati ya Mashuka

Kila asubuhi, kabla mawingu hayajaondoka kwenye mlima Wanale, moshi mwembamba ulikuwa ukipanda nyuma ya hospitali yetu ndogo ya Mbale. Watu waliokuwa wakishuka kwenda kazini kwenye viwanda waliutazama wakasema, "Nasimiyu keshaamka." Mgeni angedhani ni jiko la uji wa wagonjwa. La. Nasimiyu alikuwa akipika mashuka.

Ndiyo, mashuka. Na makoti ya daktari, na vitambaa vya kufuta damu, na glavu zilizokwisha kuzibwa viraka mara tatu. Mwaka ni 1975, miaka ya utawala wa maafande, na duka likipata sabuni leo, kesho foleni imefika barabarani na keshokutwa hakuna sabuni wala foleni. Hospitali ilikuwa na mtungi mmoja wa mvuke, chuma kizito chenye kifuniko cha kufungwa kwa skrubu na saa ya kuonyesha nguvu ya mvuke, umekaa juu ya jiko la makaa. Humo ndimo kila kitu cha chumba cha upasuaji kilimopikwa ili vijidudu vife. Mtunza moto wake ndiye huyu ninayetaka mumjue.

Nasimiyu alizaliwa ng'ambo ya mpaka, Chwele, upande wa Bungoma. Mumewe Alfayo alikuwa dereva wa lori wa njia kuu ya Kenya, na alipomwoa alimleta Jinja, wakapanga chumba mtaa wa Walukuba. Alfayo akiondoka huchukua siku tano, sita. Nasimiyu hakuwa mtu wa kukaa akitazama ukuta, kwa hiyo akatafuta kazi, akaipata kwa dobi mmoja wa Kihindi karibu na soko.

Kwa huyo dobi kulikuwa na sanduku la mvuke kubwa kama kabati. Mashuka ya hoteli yaliingia humo yakatoka yananukia usafi. Na wafanyakazi walikuwa na ujanja wao. Asubuhi unafunga yai lako kwenye leso, unalichomeka katikati ya mashuka unayoyapanga, na saa ya chakula linatoka limeiva, unapata mchana wako bila kuni. Ila kulikuwa na jambo. Ukiyashindilia mashuka ili umalize kazi upesi, mvuke haupati njia ya kupita. Mashuka ya juu yatakuwa moto, utaungua vidole, lakini yai la katikati linatoka bichi vilevile ulivyoliweka. Unashinda njaa, na tena unachekwa. Nasimiyu alichekwa mara mbili. Mara ya tatu alikuwa ameshajua kupanga: nguo zisimame wima kama vitabu, na mkono wako upite baina yake.

Lishikeni hilo yai vizuri mikononi mwenu, tutarudi kuliulizia.

Mwaka 1972, Wahindi walipofukuzwa nchini, dobi akaondoka na familia yake, sanduku moja kila mtu. Duka akapewa sajini mmoja, na sajini akalifanyia lile kabati la mvuke kazi aliyoiona yeye inafaa: alilikata vipandevipande akauza chuma. Malori ya akina Alfayo nayo yakahamishiwa kugeuzia Mbale. Mume na mke wakafunga vyombo vyao, wakahamia kule, na Nasimiyu akaandikwa kazi hospitalini, kwanza kufua, halafu kuwasha mtungi.

Mkubwa wake alikuwa Sista Kagoya, mwanamke mrefu wa Kamuli aliyeanza kazi ya thieta, chumba cha upasuaji, tangu kabla ya uhuru. Mikono yake ilikuwa myepesi, ulimi wake ulikuwa mkali kidogo.

"Wewe kazi yako moto," alimwambia Nasimiyu siku ya kwanza. "Kupanga madebe niachie mimi. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Sista."

Vitambaa vilipangwa ndani ya madebe ya bati yenye matundu ubavuni, na debe ndilo liliingia mtungini. Lakini makaa yalikuwa adimu. Lori la makaa likija leo, hujui litakuja tena lini, kwa sababu huenda njiani limekutana na wenye bunduki wanaotaka kubeba mizigo yao. Basi Sista Kagoya akawa anabana. Vitu vya madebe matatu alivitia katika debe moja. Alikuwa akipanda na goti juu ya kifuniko ndipo kifunge. Nasimiyu aliliona goti lile kila siku, akakumbuka Jinja, akafungua mdomo, akaufunga. Nani atamfundisha Sista?

Na vidonda vilikuwa vikitoa usaha. Katika wagonjwa watano waliopasuliwa, mmoja au wawili kidonda hakikufunga. Wakati wa masika watu walisema ni mvua. Kiangazi kikija walisema ni vumbi. Daktari Bogere, mpasuaji wetu, kijana wa Iganga aliyesomea ng'ambo akarudi wakati wenzake wengi walikuwa wakikimbia, aliwafungua, akawasafisha, akawafunga upya, na wengi walipona. Maisha yakaendelea.

Ndipo akaja Rehemah.

Rehemah alikuwa Mwislamu wa Jinja, muuza vitambaa, mwanamke mnene wa kicheko kikubwa. Miaka mitatu nyuma alikuwa amepata uvimbe, wakamkata titi la kushoto huko Kampala, na uvimbe haukurudi. Alishukuru Mungu. Lakini alikuwa na jambo lililomkera kila siku, na alilieleza pale ukumbini bila aibu, mbele ya Nasimiyu aliyekuwa amebeba beseni la nguo.

"Daktari, mimi najaza vitambaa upande huu ndani ya gauni hili la gomesi ili nionekane sawa. Sasa ninapoinama kumpimia mteja, kinashuka tumboni. Mteja anaona nimepata mimba pale pale! Hilo nalicheka. Lakini nikiswali, kila nikisujudu, kinadondoka. Naswali nikifikiria kitambaa. Hilo silicheki. Na binti yangu Nulu anaolewa mfungo mosi. Nataka nisimame katikati ya mawifi, nisujudu, niinuke, kisidondoke kitu."

Daktari Bogere alikuwa amemweleza tangu alipokuja mara ya kwanza kwamba ng'ambo wameanza kuweka chini ya ngozi mfuko wa silikoni, laini, wenye ute mzito ndani. Yeye amewahi kusaidia kuuweka mara mbili, ila Uganda hauonekani hata kwa dawa. Rehemah akamwandikia mdogo wake Jamil aliyekuwa masomoni Uingereza. Ikachukua miezi minane, mfuko ukafika Jinja kupitia Nairobi, ndani ya pakiti mbili zilizofungwa kiwandani ili kijidudu kisiingie. Mmoja tu. Hapakuwa na wa pili, na Jamil alikuwa ameandika kwamba wa pili asahau.

"Haya, tuuone," daktari alisema, akinyoosha mikono kama mtu anayepokea mtoto.

Rehemah akafungua kikapu. Akatoa mfuko. Bila pakiti! Umefungwa kwenye gazeti!

"Pakiti iko wapi?" daktari aliuliza, na sauti yake ilikuwa imepanda juu.

"Pakiti wanayo askari," Rehemah alisema. "Kwenye kizuizi, mbele ya Iganga. Walitushusha basi zima. Mmoja akachana pakiti ya kwanza kwa kisu, akachana ya pili. Ananiuliza, 'Nyabo, mama, hii iko nini? Iko chakula?' Namwambia, afande, ni ya hospitali. Akaiminya. Akampa mwenzake, naye akaiminya. Yule wa tatu akairusha juu akaidaka! Wanaume wazima, na bunduki mabegani, wanacheza mpira na titi langu!"

Akacheka, halafu kicheko kikakatika katikati, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio.

Daktari aliubeba mfuko hadi dirishani, akautazama kila upande. Haukutoboka. Kisha akasoma karatasi ndogo iliyokuja nao, ambayo askari hawakuwa na haja nayo. Akaisoma mara mbili.

"Sikiliza, Mama Nulu," alisema taratibu. "Kidonda cha kawaida kikipata vijidudu, damu inaleta askari wa mwili, inapigana, nami nasaidia kwa sindano. Huu mfuko hauna damu. Kijidudu kikikaa juu yake ni kama mtu aliyejificha kwenye nyumba isiyo na mlango, hakuna wa kumfikia. Ukipata usaha, sina la kufanya ila kuutoa na kuutupa. Karatasi inasema unaweza kuoshwa na kupikwa tena kwa mvuke. Basi yote yanategemea mvuke wetu."

"Mvuke wenu mzuri?"

"Mzuri sana," Sista Kagoya alijibu kabla ya daktari. "Miaka kumi na tano."

Nasimiyu, na beseni lake, akakumbuka Jinja. Aliliona lile goti juu ya kifuniko.

Kesho yake alikuja kazini na yai la kuku wake mwenyewe ndani ya mfuko wa aproni. Alingoja Sista aanze kujaza debe la mashuka, akasogea.

"Sista, naomba uniwekee hili katikati."

Sista Kagoya akalitazama yai, akamtazama Nasimiyu, akawageukia manesi wawili waliokuwepo. "Jamani, njooni mwone! Nasimiyu hakupata kifungua kinywa. Hospitali imekuwa hoteli!"

Manesi wakaangua kicheko. "Mtilie na chumvi, Sista!"

"Chumvi ipo wapi, Uganda hii?" Nasimiyu naye akacheka, lakini yai hakulirudisha mfukoni. "Sista, ni la kujaribia tu. Likiiva nitakupa wewe ule."

"Likiiva! Mashuka yanapikwa saa nzima, yai lisiive?" Sista akalichukua, akalisokomeza katikati, akashindilia, akapanda goti, kifuniko kikalia kwaa! "Basi leo chai yangu na yai."

Saa nzima Nasimiyu alipepea makaa. Alipofungua skrubu, mvuke ukatoka kwa kishindo, debe likatolewa kwa vitambaa viwili maana halishikiki kwa moto. Sista akachimba mashuka, akalitoa yai. Manesi wamesimama na sahani. Akaligonga pembeni mwa sahani.

Yai likamwagika. Kiini cha njano, kizima, kikatambaa kwenye sahani kama cha yai lililotagwa jana.

Hakuna aliyecheka. Nesi mmoja alitia kidole kwenye ute, akasema kwa mshangao, "Hata vuguvugu halina!"

"Mungu wangu," Sista Kagoya alisema. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Kumbe hii miaka yote ya makaa..."

Kumbe! Neno hilo lilitosha. Kila mtu pale aliona mbele ya macho yake vitanda vya wodi, na vile vidonda vilivyosingiziwa mvua.

Daktari Bogere akaitwa. Akaja mbio, mkono mmoja wa koti ndani, mmoja nje, akaliangalia yai kwenye sahani. Kisha, badala ya hasira, uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeonyeshwa funguo zilizopotea.

"Nani aliwaza hivi?"

Wakamnyooshea kidole Nasimiyu. Naye akaeleza habari ya Jinja, kabati la dobi, leso, na njaa yake ya siku mbili. Daktari alicheka hadi akashika ukuta.

"Miaka sita nimesoma upasuaji," alisema, "na hakuna aliyenipa yai! Sista, nani anapanga madebe?"

"Mimi, daktari," Sista alisema akiwa bado juu ya ndoo. "Nilikuwa nabana makaa."

"Ulikuwa unabana ili sote tupate kufanya kazi. Najua. Kuanzia leo anapanga Nasimiyu, na wewe unamfundisha mengine yote unayoyajua."

Sista akainuka, akavua funguo za kabati la vitambaa shingoni, akamkabidhi Nasimiyu. Halafu akasema, "Lakini lile yai bado nakudai. Ulisema likiiva nitakula."

Siku hiyo waliyapanga mashuka wima, mkono ukapita, yai jipya katikati. Likatoka gumu. Likashangiliwa kama goli! Lakini daktari akawatuliza. Yai huiva upesi, alisema. Yai bichi linathibitisha kwamba mvuke haukufika, ila yai lililoiva linasema tu kwamba umefika, halisemi umekaa vya kutosha. Kuna vijidudu vigumu kuliko yai. Kwa hiyo kwanza hewa baridi iachiwe itoke yote, mshale wa saa ufike kwenye mstari mwekundu, na kuanzia hapo, si kabla, ihesabiwe nusu saa kamili. Nasimiyu alirudia maneno hayo kwa sauti mara tatu, akayaweka kichwani.

Kisha likaja swali la mfuko wenyewe. Karatasi ilisema usiguswe na kitambaa kinachotoa manyoya, kwa sababu silikoni hunasa kila kiunyuzi, na kiunyuzi kikiingia mwilini kinaweza kuchokoza mwili, na kama kimebeba kijidudu, basi ndiyo hivyo tena. Sista akaleta taulo jipya kabisa, zawadi ya wamisionari, lilikuwa halijaguswa.

"Hapana, Sista," Nasimiyu alisema. Alilipiga taulo hewani mbele ya dirisha, na kwenye mwanga wa jua wakaona vumbi la pamba likielea kama inzi wadogo. "Kitambaa kipya ni kichafu kuliko kizee. Kina manyoya, kina na kanji. Na kizee sana nacho kinachakaa, kinanyonyoka. Tunataka cha katikati."

Alitafuta kabati zima. Akachagua kipande cha shuka la pamba lililofumwa kwa kubana, lililofuliwa labda mara hamsini, akakipinda pindo zote nne kwa mkono kusitoke uzi. Akakifua, akakisuuza kwa maji ya mvua yaliyochemshwa na kuchujwa. Akakipiga hewani mbele ya dirisha. Hakikutoa kitu. Mfuko akauosha mwenyewe kwa kipande cha sabuni nyeupe ambacho Alfayo alikileta kutoka ng'ambo ya mpaka chini ya kiti cha lori, sabuni isiyo na manukato. Akausuuza mara saba. Sista alihesabu.

Rehemah naye alipewa kazi yake: siku tatu aoge asubuhi na jioni, kifua na kwapa kwa sabuni, avae nguo safi, alale kwenye shuka safi.

"Mimi naoga hivi kama maharusi," alisema, "na anayeolewa ni Nulu!"

Asubuhi ya upasuaji ikafika. Thieta ilikuwa imedekiwa, madirisha yamefungwa, watu wamepunguzwa: daktari, Sista, mtu wa dawa ya usingizi, nesi mmoja, basi. Rehemah alikuwa kwenye machela mlangoni akisoma dua zake. Nje, Nasimiyu alihesabu nusu saa yake mara mbili ili awe na hakika, akafungua, akatoa debe dogo la mfuko na debe kubwa la mashuka. Akagusa kifurushi cha mashuka kwa nje, kama alivyogusa maelfu ya nguo maishani mwake.

Palikuwa na unyevu. Pahali padogo, kama kiganja.

Alisimama. Mvuke uliganda ukawa maji kwa sababu kwa haraka ya siku ile aliwahi kufungua kabla jiko halijakausha nguo. Na alijua kitu ambacho kila dobi anakijua: nguo kavu ni ukuta, nguo mbichi ni mlango. Uchafu wa mikono ya nje hupita ndani kwa unyevu kama chai inavyopanda kwenye mkate.

Sista Kagoya akatoa kichwa, tayari na barakoa. "Leta, wanangoja!"

"Sista, kuna unyevu."

"Wapi? Hapo? Hapo patakauka hapa hapa kwa hewa."

"Pakikauka kwa hewa, hewa ndiyo imeingia. Sileti."

"Nasimiyu!"

"Sileti, Sista." Alilikumbatia debe... hapana, hata kukumbatia hakukumbatia, alijizuia, aliliweka debe chini mbali na nguo zake. "Mfuko ni mmoja."

Daktari Bogere alisikia. Akaja mlangoni mikono juu, imekwisha kusuguliwa, maji yanadondoka viwikoni. Akautazama ule unyevu. Ilikuwa kazi ya saa moja na nusu kuanza upya, na wagonjwa wengine wawili wako kwenye foleni.

"Rudisha," alisema. "Vyote."

"Makaa hayatoshi, daktari," Nasimiyu alisema. Na kweli, gunia lilikuwa limebaki vumbi.

Hapo ndipo Sista Kagoya alipovua barakoa. Alitoka na gauni lake la thieta, akavuka ua, akavuka barabara hadi nyumba za wafanyakazi, na baada ya muda watu wakamwona anarudi, gunia zima la makaa kichwani, jeusi juu ya kofia nyeupe! Wodi nzima ilitoka madirishani.

"Ni ya kupikia nyumbani kwangu," alisema akihema, akilitua. "Wanangu watakula ndizi mbivu leo. Washa!"

Rehemah, kwenye machela yake, aliambiwa angoje. "Nimengoja miaka mitatu," akajibu, "hamtaniudhi kwa saa moja. Ila niambieni, huyo anayenipikia titi langu ni nani? Nataka kumwona."

Nasimiyu akaja, uso umejaa masizi.

"Ni wewe? Pika vizuri, dada. Lisiungue."

Walicheka wote wawili, wakashikana mikono, halafu Nasimiyu akaenda kunawa tena.

Safari hii alifanya kila kitu polepole. Baada ya nusu saa ya mshale mwekundu aliachia mvuke, akalegeza kifuniko kidogo, akaacha jiko likaushe mpaka mwisho. Debe lilipotoka, kitambaa kililia kikavu kama karatasi. Ndani ya thieta daktari alibadili glavu kabla ya kuugusa mfuko, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuukaribia. Ulitoka kwenye kitambaa, ukaingia mahali pake, haukugusa hata ngozi ya nje. Mlango ulipofunguliwa, daktari alimwonyesha Nasimiyu kidole gumba.

Lakini hapo ndipo kungoja kulipoanza hasa. Usaha hauji siku ile ile. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha moto, Nasimiyu alipita wodini akanusa hewa ya kitanda cha Rehemah, kisha akaenda. Na wageni wakaanza kumiminika. Shangazi wanne wa Jinja walikuja na vikapu, na desturi ni kumshika mgonjwa, kumkumbatia, kumpa pole kwa mikono. Na hawa walitaka zaidi: walitaka kuona! Mmoja alikuwa amekwisha ingiza vidole chini ya bandeji Nasimiyu alipotokea.

"Mama, tafadhali! Mikono!"

"Mimi ndiye niliyemlea huyu!"

"Ndiyo maana nawe utanawa kwanza, mama, na bandeji tunaiacha. Pole mpe kwa mdomo."

Akawasimamia mlangoni na beseni na kile kipande cha sabuni cha Alfayo kimefungwa uzi kisitembee. Shangazi walinung'unika, wakanawa. Yule mkubwa alisema, "Huyu Mkenya ni afande kuliko maafande," na jina hilo likamganda: Afande Sabuni.

Siku ya nne Rehemah akaamka anawaka homa.

Nasimiyu alipoambiwa, alikimbilia wodini. Daktari alifungua bandeji kwa mikono iliyovishwa glavu, wote wakainama. Kidonda kilikuwa kikavu, hakina wekundu, hakina joto. Wakachukua damu, wakaipeleka kwenye darubini. Nusu saa. Nasimiyu alihesabu nusu saa hiyo nje ya mlango wa maabara kama alivyohesabu ya mtungi.

"Malaria!" mtu wa maabara akapaza sauti. "Malaria tupu!"

Nani amewahi kuona watu wakishangilia malaria? Sisi tulishangilia. Sista Kagoya alimkumbatia mtu wa maabara. Rehemah, akitetemeka ndani ya blanketi mbili, aliuliza kama wamegawiwa ng'ombe hata washangilie hivyo. Akapewa klorokwini, na kesho yake jasho likamtoka.

Siku ya kumi na mbili nyuzi zikatolewa. Mshono ulikuwa mstari mwembamba, umefunga mwanzo hadi mwisho. Daktari alimpa kioo. Rehemah alijitazama muda mrefu, akajigeuza kulia, akajigeuza kushoto, akasema, "Hili jipya limekaa vizuri kuliko la zamani. La zamani litaona wivu."

Alisisitiza Nasimiyu amsindikize hadi Jinja, na hospitali ikampa ruhusa ya siku mbili. Wakapanda basi. Kabla ya kufika Iganga, kizuizi kilikuwa pale pale, na askari wale wale. Abiria walishushwa, mifuko ikamwagwa chini. Mmoja wao, yule wa kisu, alimtazama Rehemah akakunja uso.

"Wewe nyabo, mimi najua wewe. Ile kitu yako ya mpira iko wapi?"

Nasimiyu akasogea ubavuni mwa Rehemah.

"Niliifikisha hospitali, afande," Rehemah alisema, amesimama wima kama mlingoti.

"Wao fanya nini na hiyo?"

"Wameiweka mahali pake."

Askari akapekua kikapu, akakuta ndizi na khanga. Akatikisa kichwa. "Sawa. Mzigo mwingine hapana?"

"Sina mzigo mwingine, afande. Kila kitu ni changu."

"Kale, sawa, panda."

Walipanda, wakakaa, basi likaondoka. Hawakutazamana mpaka Iganga ikapita, halafu Rehemah akatoa kicheko kilichomwamsha dereva msaidizi, na Nasimiyu akacheka mpaka machozi yakamlowanisha kola.

Walifika Jinja wakati wa alasiri. Rehemah alitawadha, akatandika msala chumbani, mlango wazi. Nasimiyu alikaa kizingitini, amepewa chai. Aliona yule mwanamke mnene akinyanyua mikono, akiinama, kisha akishuka polepole, paji la uso likigusa msala. Akakaa hapo kidogo zaidi ya ilivyo kawaida. Nasimiyu alijikuta anahesabu.

Rehemah akainuka. Kwenye msala hapakudondoka kitu.